Nimefuata kipimo cha dawa, mbona nyanya zangu zimekutwa na masalia?

Swali la msomaji: Ninalima nyanya na mboga za majani kwa ajili ya kuuza na kwa matumizi ya nyumbani. Hivi karibuni mnunuzi alinirudishia mzigo wa nyanya akisema umepimwa maabara na kukutwa na masalia ya dawa yaliyozidi kiwango. Nimekuwa nikifuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa bila kuongeza hata tone. Kosa limetoka wapi? Je, nikiziosha kwa maji ya chumvi kabla ya kuzipeleka sokoni, masalia yatatoka? Na hizo zilizorudishwa, ninaweza kuwapikia watoto?

Jibu: Ndugu msomaji, umeuliza mambo matatu, na nitaanza na la kwanza kwa sababu majibu ya mengine mawili yanalitegemea. Inawezekana kabisa mkulima akapima dawa kwa usahihi, akaichanganya na maji kwa uwiano unaotakiwa, akapulizia vizuri, na bado mazao yake yakavuka kiwango. Kipimo hueleza ni kiasi gani cha dawa kinaingia shambani, ilhali masalia yanayosomwa maabara ni kile kilichobaki siku ya kuvuna, na kati ya siku hizo mbili hutokea mambo mengi ambayo kikombe cha kupimia hakiyaoni. Ningekuwa mtu wa kubahatisha, ningesema kosa lako limo katika kalenda kuliko katika chupa. Lakini tusibahatishe, kwa kuwa kuna njia ya kujua.

Kwanza tuelewane kuhusu maana ya kuzidi kiwango. Kiwango cha juu cha masalia kinachoruhusiwa huandikwa kwa miligramu za dawa katika kila kilo moja ya zao, na hupangwa kwa kila dawa na kila zao peke yake. Tume ya Codex Alimentarius, ambayo mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, yaani FAO na WHO, yaliianzisha mwaka 1963, hupendekeza viwango vya kimataifa. Nchi nyingine huvitumia jinsi vilivyo na nyingine huweka vyake. Jambo ambalo wakulima wengi hawaambiwi ni namna kiwango hicho kinavyopatikana. Wataalamu hupulizia dawa katika mashamba ya majaribio kwa kufuata lebo kikamilifu, husubiri siku zilizoelekezwa, huvuna na kupima, kisha huweka kiwango juu kidogo ya kile walichokikuta, baada ya kujiridhisha kwamba ulaji wa zao hilo hautamfikisha mlaji kwenye kiasi cha hatari. Kwa hiyo kuvuka kiwango hicho ni ishara kwamba agizo fulani la shambani halikutekelezwa, na si lazima iwe na maana kwamba chakula hicho kitamdhuru mtu atakayekila leo. Ni kama taa nyekundu ya barabarani: kuipita hakumaanishi kwamba lazima ugongane na gari, ila sheria imevunjwa na safari ijayo huenda ukagongana.

Hapo hapo kuna mtego mmoja unaowakamata wengi. Dawa iliyosajiliwa kwa kabichi ina kiwango chake katika kabichi. Ukiipulizia kwenye nyanya, huenda haina kiwango chochote kilichopangwa kwa nyanya. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, dawa isiyo na kiwango mahususi kwa zao fulani hupewa kiwango cha jumla cha miligramu 0.01 kwa kilo, ambacho ni sawa na gramu moja ya dawa iliyotawanywa katika tani mia moja za mazao. Kiasi ambacho kwenye kabichi kingepita bila swali, kwenye nyanya kinaangusha mzigo mzima. Kwa hiyo kabla hujatafuta kosa kubwa, chukua chupa ulizotumia na usome kama neno nyanya limeandikwa katika orodha ya mazao yanayoruhusiwa.

Sasa tuje kwenye kalenda. Dawa ikishatua juu ya jani huanza kupungua saa ile ile. Jua huvunja molekuli zake, joto na upepo huipeperusha hewani, mvua huiosha, na mmea wenyewe huisaga ile iliyopenya ndani kwa kutumia vimeng'enya vyake. Aidha, tunda au jani linaloendelea kukua huongezeka uzito, hivyo dawa ile ile hugawanywa katika gramu nyingi zaidi. Mwendo huu hupimwa kwa siku ambazo dawa huchukua kupungua hadi kufikia nusu ya ilivyokuwa. Chukua mfano wa dawa ambayo hupungua nusu kila baada ya siku 3, na tuseme kwamba mara tu baada ya kupulizia, nyanya zina miligramu 4 kwa kilo, wakati kiwango kinachoruhusiwa ni 0.5. Siku ya 3 zitabaki miligramu 2, siku ya 6 miligramu 1, na siku ya 9 ndipo zitakapofika 0.5. Ukivuna siku ya 4, nyanya zitakuwa na takriban miligramu 1.6, yaani zaidi ya mara tatu ya kiwango, ingawa hukuongeza hata tone.

Tazama pia upande wa pili wa hesabu hiyo, kwa sababu unashangaza. Mkulima aliyezidisha kipimo mara mbili ataanza na miligramu 8 na atafika 0.5 siku ya 12, yaani siku tatu tu baada ya yule aliyepima sawasawa. Sisemi hivi ili kuhalalisha kuzidisha kipimo, maana huko ndiko wadudu wanakojifunzia usugu na ndiko mpuliziaji anakodhurika. Ninasema ili uone kwamba kusubiri pungufu ya siku zilizoelekezwa kunaweza kuharibu mazao kama vile kumimina dawa maradufu, au zaidi. Idadi ya siku za kusubiri kati ya kupulizia mara ya mwisho na kuvuna huandikwa kwenye lebo, mara nyingi kwa herufi ndogo kuliko jina la dawa, na ina uzito sawa na kipimo.

Siku hizo zimekokotolewa kwa mazingira ya kawaida ya shamba la wazi. Ndani ya nyumba ya kioo au ya plastiki mvua haifiki, upepo ni mdogo na sehemu ya miale ya jua inayovunja dawa huzuiwa, hivyo dawa nyingi hukaa muda mrefu zaidi. Msimu wa baridi na mawingu nao hupunguza kasi. Ikiwa lebo inatofautisha siku za shamba la wazi na za nyumba ya kilimo, fuata zile zinazokuhusu. Ikiwa haitofautishi na wewe unalima ndani, busara ni kuongeza siku. Mboga za majani nazo zina tatizo lao la kimaumbile: jani ni pana na jepesi, kwa hiyo kilo moja ya majani hupokea dawa kwenye eneo kubwa mno kuliko kilo moja ya nyanya, ambayo ni mviringo na nzito. Dawa ile ile, kipimo kile kile, siku ile ile, huacha masalia mengi zaidi kwenye majani kuliko kwenye tunda. Hii ndiyo sababu siku za kusubiri za zao moja hazihamishiwi kwenye zao jingine kwa kukisia.

Naamini hapa ndipo tunapokaribia shamba lako. Nyanya, kama tango, bilinganya, pilipili na bamia, haivunwi mara moja. Inaanza kuiva, unachuma, baada ya siku tatu au nne unachuma tena, na hali hiyo huendelea kwa wiki nyingi, huku wadudu na ukungu wakiwa hawajaondoka. Mkulima anayepulizia kila wiki dawa yenye siku 7 za kusubiri hana hata siku moja halali ya kuvuna kati ya mipulizio miwili, isipokuwa asubuhi ile ya siku ya saba kabla hajapulizia tena. Akichuma katikati ya wiki, kila mchumo huo umevunja agizo. Kabichi au karoti huvunwa mara moja, na mkulima wake ana nafasi ya kuacha dawa wiki mbili au tatu kabla. Mkulima wa nyanya hana anasa hiyo, na ushauri wa jumla unaotolewa kwa mboga zote humwacha bila msaada.

Kinachofanya kazi kwa mazao ya aina hii ni kupanga dawa kwa hatua za ukuaji wa zao. Kabla ya maua na matunda ya kwanza, unaweza kutumia dawa zenye siku nyingi za kusubiri kama lebo inaruhusu na kama kuna haja. Mara tunda la kwanza linapokaribia kuiva, dawa hizo zifungiwe stoo, na utumie zile tu ambazo siku zake za kusubiri ni pungufu ya nafasi iliyopo kati ya mchumo na mchumo. Dawa za kibiolojia zinazotokana na bakteria Bacillus thuringiensis, kwa viwavi, na zile zitokanazo na mwarobaini kwa kawaida huwa na siku chache sana, lakini soma lebo ya ile uliyonayo mkononi badala ya kuniamini mimi. Siku ya kazi, chuma kwanza kila kilichoiva au kinachokaribia kuiva, kisha ndipo upulizie, usipulizie halafu ukachuma jioni. Ukiligawa shamba katika vipande viwili au vitatu vilivyopandwa kwa tarehe tofauti, kipande kimoja kinaweza kuwa katika kungojea huku kingine kinavunwa, na soko lisikose mzigo. Weka kijiti chenye tarehe kwenye kila kipande: tarehe ya kupulizia na tarehe ya kwanza ya kuruhusiwa kuchuma. Vibarua wanaochuma hawaoni daftari lako, lakini kijiti wanakiona.

Kupulizia mfululizo nako huleta mrundikano. Katika mfano wetu wa dawa inayopungua nusu kwa siku 3, baada ya wiki moja hubaki kama sehemu moja ya tano, kwa hiyo mpulizio wa pili huongezwa juu ya masalia kidogo. Lakini kama dawa inahitaji siku 7 kupungua nusu, kila mpulizio wa wiki hukuta nusu ya ule uliotangulia bado ipo, na baada ya mizunguko kadhaa kiasi kilichopo huwa karibu maradufu ya kile cha mpulizio mmoja. Ndiyo maana lebo nyingi hutaja pia idadi ya juu ya mipulizio kwa msimu. Mrundikano huu huja kwa siri pale mkulima anapobadilisha majina ya biashara akidhani anabadilisha dawa. Chupa tatu zenye majina na picha tofauti zinaweza kuwa na kiambato amilifu kimoja, yaani kemikali ile ile inayofanya kazi ya dawa. Jina la kufuatilia ni lile la kiambato, ambalo mara nyingi huandikwa chini ya jina la biashara pamoja na asilimia au gramu kwa lita.

Kuna njia nyingine ambazo masalia huingia kwenye mazao ya mtu mwangalifu, nami nitazitaja kwa haraka. Bomba la kupulizia lililotumika jana kwenye zao jingine na halikusuuzwa mara tatu hubeba dawa ambayo hukuikusudia. Upepo huleta dawa ya jirani. Dawa moja hugeuka nyingine ndani ya mmea: dimethoeti hugeuka omethoeti, na asefeti hugeuka methamidofosi, na katika jozi zote mbili kile kinachozaliwa ni kikali kuliko mzazi wake, kwa hiyo usishangae kukuta kwenye karatasi ya maabara jina ambalo hujawahi kulinunua. Udongo nao una kumbukumbu ndefu. Dawa za kale za jamii ya DDT na dieldrini, ambazo zilikuwamo katika orodha ya kwanza ya Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti kemikali za sumu zinazodumu muda mrefu, uliopitishwa mwaka 2001, bado zimo katika ardhi ya mashamba yaliyopuliziwa miongo mingi iliyopita, na mimea ya jamii ya maboga na matango huzivuta kutoka ardhini kuliko mimea mingi mingine. Kwa nyanya hatari hiyo ni ndogo.

Kosa jingine ninalolikuta mara kwa mara linahusu ukanda wa rangi ulio chini ya lebo. Nyekundu, njano, buluu na kijani huonyesha ukali wa sumu kwa mtu anayeishika, anayeivuta au anayeimeza kwa bahati mbaya, kuanzia kali zaidi hadi isiyotarajiwa kumdhuru ghafla. Hazisemi lolote kuhusu muda ambao dawa itakaa kwenye mboga. Dawa yenye ukanda wa kijani inaweza kuhitaji siku nyingi za kusubiri, na mkulima anayesema kwamba yake ni ya kijani, hivyo anaweza kuchuma kesho, amesoma sehemu sahihi ya lebo kwa swali lisilo lake.

Njia kubwa ya kupunguza masalia ni kupunguza haja ya kupulizia, na hapa ningetaka ufikirie kama mtu anayehesabu gharama. Wakulima wengi hupulizia kwa siku ya juma badala ya kupulizia kwa wadudu waliowaona. Tembea shambani mara mbili kwa wiki, geuza majani ya mimea kama ishirini iliyotawanyika, hesabu mayai na viwavi, na andika. Ukiona wachache na kuna wadudu rafiki wanaowala, ngoja. Nondo wa Tuta absoluta, ambaye viwavi wake hushambulia nyanya na ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini na aliyeonekana Hispania mwaka 2006 kabla ya kusambaa hadi Afrika na Asia, hutegwa kwa mitego ya harufu ya jike inayowavuta madume. Mitego hiyo hukuambia wameingia lini, ili usipulizie wiki nne kabla ya muda wake. Kuondoa mabaki ya zao lililopita, kubadilisha zao katika eneo lile lile, kufunika vitalu kwa neti, kuweka nafasi ya kutosha kati ya mimea ili majani yakauke mapema na ukungu ukose unyevu, na kumwagilia chini badala ya juu ya majani, yote haya hupunguza idadi ya mipulizio bila kuacha masalia yoyote. Dawa inaposhindwa, mkulima wa kawaida huongeza ukali na idadi ya mipulizio. Ingekuwa bora ajiulize kama wadudu wamepata usugu, au kama maji anayochanganyia yana alikali (kinyume cha asidi) nyingi kiasi cha kuivunja dawa ndani ya bomba kabla haijafika kwenye jani, jambo linalotokea kwa dawa kadhaa za jamii ya ogano-fosfeti.

Swali lako la pili ni la maji ya chumvi. Jibu linategemea mahali dawa ilipo. Dawa za mguso hubaki juu ya ganda au zimeshikwa na nta yake, na baadhi zinaweza kuoshwa. Dawa za kupenya huingia katika mmea, husafiri na utomvu, na hakuna maji, chumvi wala siki itakayozifuata ndani ya nyama ya tunda. Mwaka 1985 huko California, Marekani, mamia ya watu waliugua baada ya kula matikiti yaliyokuwa na aldikabu, dawa ya kupenya ambayo haikuruhusiwa kwenye zao hilo. Ganda nene la tikiti halikuwakinga, kwani sumu ilikuwa imekwisha kupanda kutoka mizizini hadi ndani ya tunda.

Hata kwa dawa za juu, kuosha kuna mipaka ambayo si rahisi kuikisia. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Connecticut walichapisha mwaka 2000 matokeo ya kusuuza mazao kwa maji ya bomba peke yake: kati ya dawa 12 walizozipima, 9 zilipungua na 3, klorpirifosi ikiwamo, hazikupungua. La kushangaza ni kwamba uwezo wa dawa kuyeyuka katika maji haukutabiri ni ipi itatoka. Kilichoondoa dawa kilikuwa zaidi msuguano na mtiririko wa maji. Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts waliloweka matofaa katika maji yenye asilimia 1 ya bikaboneti ya sodiamu, ile soda ya kuokea. Thiabendazoli, dawa ya ukungu, iliyokuwa juu ya ganda ilipungua kwa asilimia 80 baada ya dakika 12, na fosmeti, dawa ya wadudu, kwa asilimia 96 baada ya dakika 15, kwa kuwa hali ya alikali husaidia kuzivunja dawa hizo. Lakini sehemu ya thiabendazoli ilikuwa imekwisha kupenya chini ya ganda, na hiyo haikuguswa.

Kwa hiyo jikoni, osha nyanya na majani moja moja chini ya maji yanayotiririka huku ukisugua kwa mkono, kwa nusu dakika au zaidi. Ukitaka, loweka kwanza katika maji ya soda kisha usuuze. Chumvi na siki husaidia kwa baadhi ya dawa, ila sioni sababu ya kuvipa sifa kubwa kuliko maji na mkono unaosugua. Usitumie sabuni wala dawa ya kufulia, kwani hupenya katika vinyweleo vya ganda na kuongeza kemikali nyingine. Toa majani ya nje ya kabichi, kwa kuwa ndiyo yaliyopokea dawa nyingi. Kumenya huondoa sehemu kubwa ya kilicho juu na ndani ya ganda, pamoja na sehemu ya virutubisho. Kuchemsha na kumwaga maji hupunguza dawa zinazoyeyuka katika maji, ilhali nyingine hustahimili joto la jikoni. Kukausha hufanya kinyume cha unachotarajia: maji yanapotoka, masalia yaliyobaki huwa mengi zaidi kwa kila kilo ya kilichokaushwa, na ni vivyo hivyo kwa nyanya zinazochemshwa hadi kuwa nzito.

Ninaomba uwe mwangalifu hasa kama umetumia dawa za ukungu za jamii ya mankozebu, ambazo hutumika sana kwenye nyanya. Zikipashwa moto, sehemu yake hugeuka kuwa kemikali iitwayo ETU, inayoathiri tezi ya shingo. Mankozebu yenyewe hukaa juu ya ganda na huosheka vizuri, kwa hiyo mpangilio ni osha kwanza, kisha pika. Kupika bila kuosha kwa imani kwamba moto utaua dawa ni kosa katika hali hii. Umoja wa Ulaya uliacha kuiruhusu dawa hiyo mwaka 2020, ingawa nchi nyingine bado zinaitumia.

Kuhusu kuziosha kabla ya kuzipeleka sokoni, sikushauri kulitegemea jambo hilo kuwa dawa ya tatizo lako. Kama kilichokutwa ni dawa ya kupenya, utapoteza muda. Kama ni ya juu, beseni moja la maji linalorudiwa kwa kreti ishirini litakuwa linahamisha dawa, na hata vijidudu, kutoka nyanya moja kwenda nyingine, na nyanya zilizopakiwa zikiwa na unyevu huoza njiani. Kuosha ni kazi ya mlaji anayepunguza kilichobaki ndani ya kiwango.

Swali la tatu, la watoto, haliwezi kujibiwa bila namba, na namba hizo anazo mnunuzi wako. Mwombe karatasi ya maabara yenyewe, usiridhike na neno kwamba zimezidi. Itakuwa na jina la kiambato, kiasi kilichokutwa, na kiwango kilichotumika kuhukumu. Mashine za siku hizi hupima mamia ya dawa kwa mkupuo mmoja na huona kiasi kidogo mno, kwa hiyo linganisha safu mbili za mwisho kabla ya kuogopa urefu wa orodha. Hesabu ya ulaji si ngumu. Mtoto wa kilo 15 akila gramu 150 za nyanya zenye miligramu 0.5 kwa kilo, atakuwa amekula miligramu 0.075, yaani miligramu 0.005 kwa kila kilo ya mwili wake. Mtu mzima wa kilo 60 akila gramu 300 za nyanya hizo hizo, atapata nusu ya hapo kwa kila kilo ya mwili wake. Kila dawa iliyochunguzwa ina kiasi kinachokadiriwa kutomdhuru mtu akila kila siku maisha yake yote, na dawa nyingi zina kingine cha mlo wa siku moja. Kwa kawaida viasi hivyo hupatikana kwa kuchukua dozi isiyoleta madhara kwa wanyama wa maabara na kuigawa kwa 100. Hapo ndipo tofauti kati ya kuvuka taa nyekundu na kugongana huonekana.

Hadi utakapopata karatasi hiyo, usiwapikie watoto nyanya hizo. Ikiwa jina litakalotajwa ni la dawa ya kupenya ya jamii ya ogano-fosfeti au kabameti, yaani dawa za wadudu zinazoshambulia mfumo wa neva, na kiasi ni mara kadhaa ya kiwango, zifukie, usiwape hata mifugo. Ikiwa ni dawa ya juu iliyovuka kidogo, jibu langu linaweza kuwa jepesi zaidi. Kwa nyanya zilizobaki kwenye mimea, anza kuhesabu siku tangu mpulizio wa mwisho kwa kila kiambato, fuata ile yenye siku nyingi zaidi, na uchume zilizoiva sana kwa ajili ya kutupa ili zisivutie wadudu wengine. Kisha niandikie ukiwa na majina ya viambato vyote ulivyotumia, tarehe za mipulizio miwili ya mwisho, tarehe ya mchumo uliorudishwa, na yale mambo matatu ya kwenye karatasi ya maabara. Nitakukokotolea ni kipi kati ya hivyo kilichokuangusha.